Polepole ya Nani?

Kila mwaka, kabla ya ibada ya Kipaimara, huwa tunawapeleka vijana wetu Mkunazini, Mji Mkongwe, kuliona Kanisa Kuu la Kristo la ndugu zetu Waanglikana. Mahali pale palikuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwezi Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Vijana huoneshwa madhabahu, nao huambiwa kwamba imesimama palepale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Huoneshwa msalaba uliochongwa kutokana na mti wa Chitambo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Kisha hutoka nje na kusimama ukingoni mwa shimo lenye sanamu za watu watano, mnyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Vijana wetu ni wacheshi, lakini pale shimoni hunyamaza.

Safari moja, mmoja wao alivunja ukimya akasema, “Kumbe Waislamu waliwafunga, na sisi ndio tuliowafungua.” Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nasi tuliokuwa tukiwaongoza tulikaribia kuitikia pia. Ni sentensi fupi, na inampendeza Mkristo anayeishi kisiwani ambako yeye ni wachache kati ya wengi.

Saa ya chakula tuliketi kivulini. Mama mmoja wa usharika alikuwa amejitolea kupika, na alimleta dada wa kazi wa nyumbani kwake, binti aliyetoka bara, abebe masufuria. Yule binti hakuwa mwanafunzi wetu, ila alikuwa amesikiliza maelezo yote akiwa amesimama nyuma. Alipomaliza kupakua alitusogelea, akaamkia, akauliza: “Baba Mchungaji, na wale waliokuwa wameshanunuliwa, wako majumbani kwa watu, siku ile soko lilipofungwa wao waliambiwaje?”

Tulimjibu kwamba uhuru wao ulikuja baadaye, polepole. Akasema, “Haya,” akaenda kuosha sahani. Jibu letu lilikuwa la kweli, lakini halikututosha hata sisi wenyewe. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali lake vizuri zaidi, na kuirekebisha ile sentensi ya kijana wetu kabla haijaota mizizi.

Amri ya nane mbele ya jirani

Katika Katekisimo Ndogo tumefundishwa kwamba kutomshuhudia jirani uongo hakuishii katika kuacha kusingizia. Tunatakiwa pia kumtetea jirani, kumnenea mema, na kulieleza jambo lake kwa namna iliyo njema. Vijana wetu huikariri maana hiyo bila kukosea neno. Basi kama amri ya nane ina nguvu mahali popote, ina nguvu Unguja, ambako jirani yetu ni Mwislamu, mwenye duka letu ni Mwislamu, na anayetusaidia kubeba jeneza letu mara nyingi ni Mwislamu. Kwa hiyo, kabla ya kusema Uislamu ulifanya nini juu ya utumwa, tusikilize kwanza wenyewe wanasema nini.

Wanasema hivi. Uislamu ulipokuja Arabuni katika karne ya 7, utumwa ulikuwapo kila mahali: kwa Warumi, kwa Waajemi, kwa Wayahudi, na kwa Wakristo. Kurani haikuufuta kwa neno moja. Ilifungua milango mingi ya kutokea. Aliyeua mtu kwa bahati mbaya aachilie mtumwa huru (Sura 4:92). Aliyevunja kiapo ana njia ya kufidia, na mojawapo ni kumwacha mtumwa huru (5:89). Sehemu ya zaka imetengwa kwa ajili ya kuwakomboa walio utumwani (9:60). Mtumwa anayetaka kuandikiana na bwana wake mkataba wa kujikomboa aandikiwe, tena asaidiwe mali (24:33). Na Sura ya 90 inapoeleza njia ngumu ya kupanda mlimani, njia ya wema wa kweli, tendo la kwanza linalotajwa ni kumwacha huru mtumwa. Bilal, mwadhini wa kwanza, alikuwa mtumwa mweusi aliyekombolewa na Abubakar.

Kwa upande mwingine, wanasema, milango ya kuingilia ilibanwa. Mtu huru haruhusiwi kukamatwa tu na kuuzwa. Kilichobaki ni mateka wa vita halali na watoto wanaozaliwa na watumwa, na juu ya mateka Kurani yenyewe inataja kuwaachia bure au kwa fidia (47:4). Mjakazi aliyemzalia bwana wake hauzwi tena, mtoto wake ni huru, na bwana akifa mama naye ni huru. Nyumba yenye milango mingi ya kutokea na mmoja mwembamba wa kuingilia, siku moja itakuwa tupu. Hiyo ndiyo hoja yao ya polepole, nao huilinganisha na pombe, iliyokatazwa kwa hatua, si kwa siku moja.

Hoja hii si ya kubeza. Hapa Zanzibar tuliona sehemu yake ikitenda kazi hadi ikulu. Watoto wote aliowaacha Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 walikuwa wa masuria. Sultani Barghash mwenyewe alizaliwa na mama Mhabeshi aliyekuwa suria. Mwana wa mama aliyenunuliwa alikaa katika kiti cha enzi, wala hakuna aliyemzuia kwa sababu hiyo. Katika karne hiyohiyo, kule Marekani, kabla utumwa haujafutwa, mtoto wa bwana Mkristo na mtumwa mweusi alizaliwa mtumwa na angeweza kuuzwa na baba yake mwenyewe.

Lakini upendo wa jirani haututaki tuwe vipofu. Mjadala wa pombe ulifika mwisho wake kwa katazo. Katazo la namna hiyo juu ya utumwa halikuandikwa, na kwa zaidi ya karne 12 wanasheria wengi waliuhesabu kuwa jambo halali. Nyumba ile haikuwa tupu, kwa sababu kila waliotoka, wengine waliingizwa.

Kati ya kitabu na soko

Waliingizwa kwa mlango gani? Hapa ndipo historia ya Unguja inapouma. Watu walioshushwa Mkunazini hawakuwa mateka wa vita vya dini. Walikuwa wakulima na watoto wa Nyasa, wa Manyema, wa Uyao na kwingineko, waliovamiwa usiku au kuuzwa kwa deni, wakatembezwa hadi Kilwa au Bagamoyo, wakapakiwa majahazini. Kwa kipimo cha sheria ya Kiislamu yenyewe, wengi wao walikuwa watu huru walioibwa. Kitabu kilikuwa na mlango mwembamba, na soko likabomoa ukuta mzima.

Kulikuwa na Waislamu waliolisema hilo waziwazi. Ahmad Bey wa Tunis aliufuta utumwa katika nchi yake mwezi Januari 1846, miaka miwili kabla ya Ufaransa kuufuta katika makoloni yake na miaka 19 kabla ya Marekani. Hakutumia hoja za Wazungu peke yake. Aliwaandikia maulamaa kwamba masharti ya sheria hayatimizwi, kwamba wengi wanaoitwa watumwa walikuwa watu huru, na kwamba penye shaka kubwa namna hiyo mlango ufungwe. Alikuwa na Kurani ileile waliyokuwa nayo matajiri wa karafuu wa Unguja. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mashamba ya kupalilia.

Hapa kwetu mambo yalikwenda kwa mikataba na manuari. Mwaka 1822 Sayyid Said alikubali kutowauzia watumwa Wakristo. Mwaka 1845 alikubali kutowapeleka nje ya milki zake za Afrika. Mwaka 1873 Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwa Barghash, naye akakataa, akieleza jinsi kimbunga cha mwaka uliotangulia kilivyoyaangusha mashamba ya mikarafuu. Balozi John Kirk alipomtishia kuizingira bandari, Barghash alitia saini tarehe 5 Juni. Soko likafungwa. Biashara ikahamia gizani, na huko Mangapwani, kaskazini mwa mji, bado tunaonesha chumba cha chini ya ardhi walimofichwa watu baada ya katazo.

Na wale wa majumbani? Hili ndilo jibu tulilopaswa kumpa yule binti. Mwaka 1873 hawakuambiwa kitu. Tarehe 1 Agosti 1890 Sultani Ali bin Said alipiga marufuku kuuziana watumwa na akatoa haki ya mtumwa kujikomboa kwa fedha zake. Kabla mwezi haujaisha, tangazo jingine likasema bwana asilazimishwe kuzipokea fedha hizo. Tarehe 6 Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, mahakama ziliacha kuutambua utumwa. Hata hivyo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, aoneshe ana pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Masuria walitengwa, wakahesabiwa kama wake. Wao walingoja hadi mwaka 1909.

Tuhesabu pamoja. Msichana aliyeuzwa Mkunazini mwaka 1872 akiwa na miaka 12, akafanywa suria, alipata haki ya kuondoka alipofika miaka 49. Kengele ya kanisa ilikuwa ikilia jirani naye kwa karibu miaka 30. Wakati wote huo utawala ulioshika nchi tangu 1890 ulikuwa wa Waingereza, watu wa nchi ya Kikristo, na maofisa wao wengi waliogopa kwamba uhuru wa ghafla ungeharibu zao la karafuu. Kwa hiyo sentensi ya kijana wetu haisimami. Aliyefunga na aliyefungua hawakugawanyika kwa dini namna hiyo.

Boriti katika jicho letu

Tena tulikuwa wanunuzi. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Kitambaa tunachokiita merikani kilikuja Unguja katika meli za Wamarekani kutoka Salem, na pamba yake ilichumwa na watumwa weusi wa Kusini mwa Marekani. Pembe za ndovu zilizofika pwani mabegani mwa watu zilikwenda hadi Connecticut kutengenezewa vibonyezo vya piano, ambazo nyingine bila shaka zilipigiwa nyimbo za kumsifu Mungu. Shirika la kimisioni la Kanisa la Uingereza lilikuwa na shamba la miwa huko Barbados, Codrington, lililolimwa na watumwa hadi sheria ilipowaachia.

Na sisi Walutheri? Tusijifiche nyuma ya Waanglikana. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliandika Madai Kumi na Mawili. Katika dai la tatu walisema hawataki tena kuwa mali ya mabwana, kwa kuwa Kristo amewakomboa wote kwa damu yake, mkubwa na mdogo. Martin Luther, ambaye miaka mitano kabla alikuwa ameandika kitabu juu ya uhuru wa Mkristo, aliwajibu kwamba dai hilo linaugeuza uhuru wa kiroho kuwa wa kimwili. Hata Ibrahimu na wazee wetu wa imani walikuwa na watumwa. Tunampenda Luther, na kwa sababu tunampenda hatuna budi kulisema hili: wale wakulima walikuwa wameisoma Injili vizuri kuliko yeye katika jambo hilo.

Mfalme wa Denmark, nchi ya Kilutheri, alikuwa na visiwa vya sukari huko Karibi. Mwaka 1847 aliamua kwamba watoto watakaozaliwa tangu hapo wawe huru, na wengine wangoje miaka 12. Watumwa wa kisiwa cha Saint Croix walingoja mwaka mmoja. Tarehe 3 Julai 1848 walikusanyika kwa maelfu wakadai uhuru wao siku hiyo, na gavana akautangaza siku hiyohiyo. Ile miaka 11 iliyobaki haikuhitajika na mtu yeyote isipokuwa wenye mashamba.

Na tuvuke bahari hadi kwetu bara. Ujerumani ilitawala Tanganyika, na wamisionari wa Kilutheri walikuja humo na kulea vijiji vya watu waliokombolewa. Lakini serikali ya Ujerumani haikuufuta kamwe utumwa katika koloni lile. Iliagiza tu mwaka 1904 kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza, miaka 25 baada ya Zanzibar. Kanisa letu halina hesabu nzuri ya kumwonesha jirani.

Sababu yake iko katika kitabu chetu pia. Torati inamwachia mtumwa Mwebrania mwaka wa saba (Kum. 15), inakataza kumrudisha mtoro kwa bwana wake (Kum. 23), lakini inaruhusu wageni kurithishwa kama mali (Law. 25). Paulo anamrudisha Onesimo kwa Filemoni akiomba apokewe kama ndugu mpendwa, lakini hamwambii kwa neno moja wazi, “Mwache huru.” Mahali pengine watumwa wanaagizwa kutii. Tukikutana na Mwislamu akatuuliza, “Aya yenu ya kukataza iko wapi?” tutafanya kama afanyavyo yeye: tutaonesha mbegu, kisha tutaeleza kwa nini mti ulichelewa.

Wengine hutumia njia rahisi: humpima Mwislamu kwa Tippu Tip na kujipima wenyewe kwa Wagalatia 3:28. Kipimo cha namna hiyo ni mizani ya udanganyifu, nayo ni chukizo kwa Bwana. Kitabu kipimwe kwa kitabu, na soko kwa soko. Tukifanya hivyo tutamkuta jirani yetu amekaa nasi kwenye benchi moja la kutubu. Katika kisiwa hiki hilo si jambo dogo. Tunajua jinsi kumbukumbu za utumwa zilivyotajwa kwenye mikutano ya siasa kabla ya 1964, na jinsi damu ilivyomwagika. Mwenye kulisimulia soko la Mkunazini kwa nusu anacheza na kiberiti.

Je, polepole ni hekima au ni kisingizio?

Sasa tulifikie lile swali lenyewe. Mungu anafanya kazi polepole? Bwana Yesu alipoulizwa juu ya talaka alisema Musa aliiruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo ya watu, lakini tangu mwanzo haikuwa hivyo (Mt. 19:8). Neno hili ni ufunguo mkubwa. Linatufundisha kwamba sheria ya Mungu huweza kumkuta mwanadamu mahali alipo, ikambana kidogokidogo. Mwislamu anayesema Kurani iliubana utumwa kwa hatua anasema jambo lililo karibu sana na hilo.

Lakini tazameni ruhusa ile imewekwa kwa hesabu ya nani. Imewekwa kwa hesabu ya ugumu wa moyo. Yesu haisifu. Anayesema, “Tulikwenda polepole kwa sababu Mungu ni mwenye subira,” anajisifia ugonjwa wake. Subira ya Mungu ni kwa mwenye dhambi ili atubu. Haijawa kamwe ruhusa ya mwenye dhambi kumtaka aliyeonewa awe na subira. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye kusema polepole karibu kila mara ni yule asiyebeba mzigo.

Hata Mkristo aliyeokolewa huweza kusahau hilo. Binti wa Sayyid Said, Salme, alizaliwa na suria wa Kicherkesi aliyechukuliwa kwao akiwa mtoto. Alibatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, akaishi Ujerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Humo alieleza kwamba utumwa wa kwao ulikuwa mpole na kwamba kuufuta kwa ghafla ni kosa. Alikuwa mtoto wa mama aliyenunuliwa, tena mbatizwa. Lakini alikuwa ameuona utumwa kutoka ghorofani, na jambo likionekana kutoka ghorofani hupungua uzito.

Basi tunawezaje kuitambua polepole iliyo ya hekima? Tunaona alama tatu.

Kwanza, ina tarehe. Torati ilisema mwaka wa saba. Mkataba wa kujikomboa katika Kurani una kiasi na muda. Ahadi isiyo na siku ni mlango uliochorwa ukutani.

Pili, hairudi nyuma. Nabii Yeremia, sura ya 34, anasimulia jinsi mfalme Sedekia na wakuu walivyowaacha huru watumwa wao wakati Yerusalemu ilipozingirwa, kisha hatari ilipopungua wakawakamata tena. Mungu aliwahukumu kwa hilo kuliko kama wasingaliahidi. Ile Agosti ya 1890 ina harufu ya sura hiyo.

Tatu, anayengoja huulizwa. Katika tarehe zote tulizozitaja hapo juu, za masultani, za mabalozi na za magavana, aliyeulizwa lini panamfaa alikuwa mwenye shamba. Aliyejibu bila kuulizwa alikuwa mtumwa wa Saint Croix, na mtoro wa Unguja aliyekimbia usiku.

Sheria nayo haimalizi kazi. Mwimbaji wetu mkubwa wa taarabu, Siti binti Saad, alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, na jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. “Siti” ni jina la heshima lililokuja baadaye, baada ya sauti yake kuuteka mji. Hati ya uhuru huandikwa kwa siku moja, lakini ilibidi mtu aimbe miaka mingi ndipo mji umwite kwa heshima. Lugha yetu yenyewe bado ina alama. “Uungwana” leo ni tabia njema. Zamani muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa. Na tunapomwita Yesu “Mkombozi” tunatumia neno la mtu anayelipa ili aliyeshikwa aachiwe. Waliolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza kule Mbweni, katika kijiji cha waliokombolewa, hawakuhitaji kufafanuliwa. Sisi tumelizoea hata tumesahau kwamba ni neno la sokoni.

Jikoni

Tulisema tungelijibu swali la yule binti. Baada ya safari ile tulimtafuta, tukamweleza tarehe hizi. Alisikiliza kwa makini, kisha akatuambia kwa nini aliuliza. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile miaka miwili. Mshahara wake alikuwa “anawekewa”. Kila alipouliza aliambiwa asiwe na haraka, atapewa wote siku atakapoondoka. Na kila alipotaka kuondoka aliambiwa asubiri apatikane mwingine.

Tungependa kuandika kwamba tuliinuka palepale. Hatukufanya hivyo. Mama mwenye nyumba ni mtu mwema, anatoa sadaka, anaimba kwaya, na ndiye aliyetupikia siku ile. Tulimwambia binti avumilie kidogo tuzungumze na mama taratibu. Tulitamka neno lile “taratibu”, na usiku ule hatukulala vizuri. Sisi wenyewe, nyumbani kwa mchungaji, tulikuwa na dada wa kazi asiyekuwa na siku ya kupumzika. Jumapili tulikuwa tukihubiri sabato, naye yuko jikoni.

Suala hilo liliwafikia wazee wa usharika. Mama alilia, akasema hakuwa na nia mbaya, na tunamwamini. Alilipa nusu ndani ya mwezi, akaomba nusu iliyobaki ailipe polepole. Mzee mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, “Binti ameulizwa?” Hakuwa ameulizwa. Aliitwa. Alisema anataka nusu hiyo kabla ya Pasaka, kwa sababu mdogo wake anaanza shule. Tarehe ikaandikwa. Ililipwa Jumatano ya Juma Takatifu, na wiki iliyofuata akapanda boti kurudi kwao.

Hatusemi kazi za ndani ni utumwa. Ni kazi halali, na wengi wamelea familia kwayo. Tunasema kwamba uhuru wa mtu unaweza kushikiliwa na watu wema, wasali, kwa neno dogo la upole. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba za Waislamu wacha Mungu wa Mji Mkongwe, na katika mashamba ya Walutheri wa Karibi. Wote walikuwa na vitabu vitakatifu ndani, na vitabu vyote viwili vilikuwa vikiwaambia wamwachie.

Vijana tunaendelea kuwapeleka Mkunazini. Siku hizi, pale ukingoni mwa shimo, hatuwaambii tena nani alifunga na nani alifungua. Tunawaambia tarehe tatu, 1873, 1897 na 1909, kisha tunawapa lile swali la yule binti. Na kabla hatujapanda gari, kila mmoja anaulizwa nyumbani kwao kuna nani anayengoja, anangoja nini, na ni nani aliyemwambia angoje.